Mlango wa Mama Mkwe Unatazama Wangu

Mhariri, lifiche jina langu. Sura yangu ndiyo ngumu kuficha, kwa maana ni nzuri. Nina miaka thelathini na moja, mke mmoja, watoto watatu. Shule niliacha darasa la nne, lakini dunia nimeisoma: nimekaa Mombasa, nimekaa Nairobi, nikapakia mchanga wakati nyumba za wafanyakazi zinajengwa mstari kwa mstari nje ya mji. Sasa, tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, niko karibu na mji wa Embu, katika kijiji kipya ambacho, nisiwafiche, nilikipanga mimi.

Ilikuwa hivi. Tulipotolewa mashambani na kuambiwa wote tukae pamoja, Bwana D.O., afisa Mzungu wa wilaya, aliuliza nani anajua kupima. Wengine waliangalia miguu yao. Mimi nikainua mkono. Nikapewa kamba, vigingi na siku nne. Nikachora barabara mbili, nyumba huku na nyumba huku, milango inatazamana kama Nairobi, na nyuma ya nyumba za mwisho ni mtaro uliojaa miti iliyochongwa, halafu msitu wanakojificha wanaopigana na serikali. Bwana D.O. akasema siku moja mji utafika hapa na kukuta kazi imekwisha. Nilitembea wiki nzima nimefura kama andazi.

Mke wangu ndiye aliniuliza, "Baba watoto, umejua nani amepewa nyumba ya mbele yetu?"

Karani wa chifu aligawa namba bila kuuliza nani ni nani. Mbele yetu, katika nyumba ya mwisho yenye mtaro mgongoni, ni mama mkwe wangu. Hatua kumi na mbili, mlango kwa mlango. Na mnajua kwetu: mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake, hamwoni akila, akimwona njiani anaingia kichakani. Sasa barabara yangu haina kichaka. Nilivifyeka mwenyewe.

Nilienda kwa mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa kijiji, nikaomba tubadilishiwe. Akacheka. "Fundi wa Nairobi, kule watu wanachagua majirani? Rudi kwa mstari wako."

Kwenda mtoni ni saa moja tu kwa siku, wanawake wakisindikizwa na bunduki, na saa hiyo ndiyo mimi natoka kwenda zamu ya kuchimba mtaro. Mama akiniona anarudi ndani. Nikijifungia, hajui kama nipo, hatoki. Siku mbili akakosa maji. Siku ya tatu akatoboa ukuta wa nyuma, akafunika tundu na majani makavu ya migomba, akawa anatokea huko.

Nilifurahi. Ni heshima, nikajiambia. Lakini mtoto wake wa kiume hajulikani alipo tangu mwaka jana, na juzi nikichimba nimeona, mkabala na tundu lile, miti miwili ya mtaroni imeng'olewa na kulazwa pembeni vizuri, kama kazi ya mtu anayetaka kuirudisha.

Jana mkubwa akanigonga bega. "Fundi, siku ya kwanza ya mwezi tunakagua nyumba zote, mbele na nyuma. Wewe utatangulia. Mstari ni wako."

Nikisema, nimemsaliti mama wa mke wangu. Nikinyamaza na wao wakaona, tunaenda kizuizini sote, na watoto wabaki na nani? Basi nikamtuma mke wangu amwambie mama yake kwamba nitamwombea nyumba nyingine, mbali na mtaro, kwa Bwana D.O. mwenyewe, nikiri mbele ya watu kwamba nilikosea kupanga. Kwangu mimi hiyo ni kama kuvua suruali sokoni.

Leo asubuhi jibu limekuja. "Mama anasema usijisumbue kumtafutia njia. Anayo."

Mke wangu alisema hivyo ameinama, anachagua maharagwe, hakuniangalia. Na maharagwe yalikuwa mengi kuliko ya watu watano.

Barua hii inapelekwa na mchinjaji mmoja Mwislamu wa mjini, mtu asiyeuliza maswali. Wasomaji, mimi ndiye niliyezoea kuwashauri wengine. Zimebaki siku tisa, na anayetangulia ni mimi. Nishaurini, nifanye nini?