Ndengu za Kalunde Zilizoanikwa Juani

Shamba la Kalunde hapa Kathonzweni nalijua tangu likiwa kichaka. Siku hizi udongo wake umechoka. Ndengu zinatoka fupi, majani ya manjano, na baada ya mavuno mabaya shemeji yake Ndululu, ndugu wa marehemu mumewe, alimwambia wazi: "Msimu ujao ukikosa tena, naweka mbuzi wangu hapa."

Kalunde ni mjane, na si mtu wa kulia ovyo. Alienda duka la agroveti kule Mukuyuni akarudi na pakiti ya unga mweusi. Ndani yake, muuzaji alimwambia, mna bakteria hai. Wanaingia kwenye mizizi ya ndengu, wanajijengea vinundu humo. Mmea unawalisha sukari, nao wanachukua nitrojeni ya hewani, ambayo mmea hauwezi kuila ilivyo, wanaigeuza chakula chake. "Lakini usiwaanike. Jua linawaua."

Siku ya kupanda, sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukaja kumsaidia. Kalunde alipaka mbegu unga ule kwa maji ya sukari, akaziacha kivulini juu ya gunia, akaenda kukoroga uji. Mutindi, rafiki yake wa kanisani, akaona mbegu zimelowa. Ndengu iliyolowa si itaoza? Akaburuta gunia hadi juani, kama mama zetu walivyotufundisha sote.

"Mutindi! Umeniulia wafanyakazi!" Kalunde alikuja mbio, mwiko mkononi.

"Wafanyakazi gani? Mimi naona ndengu chafu tu."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Unga ulikuwa umeisha na mvua imeshanyesha, kwa hivyo tukapanda hivyo hivyo.

Ndengu zilipoanza kutoa maua, Ndululu akaja na nguzo za ua wa mbuzi wake begani, akatukuta shambani na Kalunde na Mutindi, tumetoka kanisani. Kalunde akachimba mche mmoja polepole, akaukung'uta udongo. Mizizi ilikuwa na vinundu.

"Ugonjwa huo," akasema Ndululu.

"Ngoja, shemeji. Ndani kukiwa kweupe, hawafanyi kazi. Kukiwa kwekundu, wako kazini."

Akapasua kinundu kwa ukucha. Chekundu kama nyama! Kumbe Mutindi hakuzitandaza zile mbegu. Za chini ya lundo zilikuwa hazikupigwa na jua.

Mutindi akaketi palepale kwenye udongo na nguo yake nzuri. "Asante Yesu, sikuwaua."

Kalunde alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Shemeji, hizo nguzo usirudi nazo. Nizungushie shamba, mbuzi wako wasiniingilie."

Na kweli Ndululu alilizungushia ua.