Yowe la Soko la Bwera

Siku ile ya soko la Bwera naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Umeniambia huko chuoni mnasoma michezo ya kuigiza ya kisasa, isiyo na jukwaa wala pazia. Nikacheka. Sisi tuliicheza kabla mama yako hajazaliwa, nami shule niliiacha darasa la pili.

Aliyetuletea ni Mwalimu Masereka. Alirudi kutoka Kampala, suruali imebana, anasema jukwaa ni ukuta na ukuta lazima tuuvunje. Tutacheza sokoni, katikati ya watu, na asijue mtu kama ni mchezo. Mimi nilikuwa nauza samaki wa chumvi, nina sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Akanichagua niwe mke. Mume akawa Bwambale, mpagazi wa pale mpakani Mpondwe. Huyo aliwahi kubeba mizigo ya watalii kule mbugani Mweya, akarudi anacheka kizungu, lakini hayo tuyaache.

Basi, tukaanza ugomvi pale penye kahawa. Watu wakapita tu. Mambo ya mtu na mkewe. Bwambale akainua fimbo. Nami, kama tulivyopanga, nikapiga yowe.

Mwanangu, nyinyi mna simu. Kwetu yowe ndilo lilikuwa simu, ndilo lilikuwa polisi. Na miaka ile ya vita nyumba zilikuwa zinachomwa huko mlimani. Ukilisikia unaacha chungu motoni, unakimbia. Wakaja! Kutoka mashambani, kutoka mtoni, na mapanga. Bwambale alishikwa shati likabaki kola. Mwalimu anaruka-ruka, "Ni mchezo! Ni mchezo jamani!"

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Baluku, ameteremka mlima mzima na mkuki wake, kifua kinapiga kama mvukuto. Akanitazama.

"Mutoto yangu, nani iko anakuua?"

"Hakuna, mzee. Tunacheza."

Akachomeka mkuki ardhini ili apumue. "Sawa. Siku kifo itakuja ya kweli, utalia na sauti gani?"

Hakugomba zaidi. Akarudi mlimani polepole.

Nilijiambia ni uzee huo. Lakini siku chache baadaye mtoto wa jirani alianguka mtoni, mama yake akapiga yowe. Nilikuwa kisimani. Nikawaona wanawake wanatazamana. "Ni kweli, ama ni wale wa mwalimu?" Mmoja akanigeukia mimi, aniulize! Nilitupa mtungi nikakimbia, nao wakanifuata. Mtoto alitolewa hai, Mungu ni mwema. Ila ule muda wa kutazamana mimi niliuona.

Mwalimu akaanza kufunga makaratasi yake. "Biira, tuache. Watu hawako tayari."

"Watu wako tayari," nikamwambia. "Mchezo hatuachi. Yowe ndilo tunaliacha."

"Bila yowe hakuna mchezo!"

"Basi tutafute."

Tukatafuta, nyuma ya kibanda changu cha samaki, mpaka Bwambale akasema sasa ananuka samaki kama mume wangu wa kweli. Siku ya soko nikapanda juu ya gunia, nikawatangazia wote: huu ni mchezo, hakuna anayekufa. Mwalimu akashika kichwa. Aliona nimemjengea ukuta wake upya.

Ugomvi ukaanza. Watu wanacheka, wanamtania Bwambale, "Wee, leo umekuja na kola?" Fimbo ikapanda. Nikaweka mikono kichwani, nikafungua kinywa chote, mishipa ikasimama shingoni. Sauti sikutoa. Nikabaki hivyo.

Kicheko kikakatika. Wapagazi wakatua magunia. Mama mmoja wa kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge, akavumilia, akavumilia, ikamshinda.

"Eh, mwanamuke, lia basi! Lia! Tuko hapa!"

Wengine wakaitikia, tuko hapa, tuko hapa, na fimbo ya Bwambale ikateremka yenyewe. Hayo hatukuyapanga.

Mzee Baluku alikuwa amesimama penye chumvi, bila mkuki. Aliponipita akasema, "Leo ndiyo nimekusikia."

Kwa hiyo, mwanangu, soma hiyo michezo yako. Vunja jukwaa, vunja pazia, wakikuambia haiwezekani jaribu tena nyuma ya kibanda. Lakini kabla ya kuvunja kitu cha watu, uliza kwanza kinawalinda na nini. Kama kinawalinda, kiache mahali pake, utafute njia nyingine. Ipo, na huenda ni bora kuliko ile ya kwanza.

Nenda sasa. Mlima ukuone ukienda, ukuone ukirudi. Na siku utakayopiga yowe la kweli, wasikosekane wa kukuambia, tuko hapa.