Nyaya za Baba Mkwe

Nyumba yetu ya Tunduma ilifungwa umeme na baba mkwe wangu, aliyejifunza kazi hiyo kwa kuwatazama mafundi wengine. Nilimpikia siku zote nne za kazi na sikumwona hata kisigino. Kwetu Ileje mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni. Sasa mtu usiyeruhusiwa hata kumtazama, kazi yake utaikosoaje?

Mwaka uliofuata binti yangu alipigwa shoti kwenye swichi ya chumbani, kiganja kikaungua. Kabla hata sijampaka dawa, mume wangu alimchapa kwa kushika swichi na mikono mibichi. Mtoto aliapa kwamba mikono ilikuwa mikavu. Nikasema labda swichi ndiyo mbovu.

"Unamsema baba?" aliniuliza mume wangu.

Nikaendelea kumpaka mtoto dawa. Watu husema heshima si utumwa. Hao hawajaolewa kwetu.

Mwaka huu tulitaka kufungua chekechea kwenye vyumba viwili, tukaambiwa umeme ukaguliwe kwanza. Iliniuma. Watoto wa watu walilindwa kabla hawajafika. Mkaguzi alipanda darini, akaniita nimmulikie tochi. Nyaya zilikuwa za kuungaunga, zimesokotwa kwa vidole na kuviringishiwa vipande vya mfuko wa mbolea. Aliposhuka akafungua swichi ile ya chumbani, na nyuma yake maungio yalikuwa wazi kabisa, yameungua hadi kuwa meusi.

"Mama, mmelala humu miaka mitatu?" aliuliza. "Basi Mungu wenu hasinzii."

Tukamwita fundi. Alizing'oa zote, akapitisha waya mzima, na palipobidi kuunga akafunga kwa konekta ndani ya visanduku vya plastiki. Mume wangu alisimama chini akitazama mabaki yakianguka.

"Baba asijue," alisema. "Aibu itamuua."

Jumapili mzee akaja kututembelea. Nikakimbilia jikoni kama desturi inavyotaka. Kupitia ukutani nilimsikia mume wangu akimwambia kwamba tumeongeza taa tu, na mzee akijisifu kuwa kazi yake haijawahi kumdhuru mtu. Nilitamani kupiga kelele.

Binti yangu alikuwa akimenya viazi nami. Akaweka kisu chini.

"Mama, nenda kamwambie."

"Mkwe hasemi na mkwe, mwanangu."

Ana miaka tisa. Siku hizi akiumia haniambii.