Grisi ya Kiti cha Mama

Mtoto wa kwanza wa mama ni fundi magari, na hamgusi mzazi wake huyo kabla ya kusugua mikono kwa sabuni ya unga hadi viwikoni, kisha kuinusa kama asiyeiamini. Tangu daktari aseme saratani imeenea na mama auguzwe nyumbani, dada zake fundi wamegawana dawa, nguo na chakula. Kazi yake yeye ni kumnyanyua. "Taratibu, taratibu," humwambia mama, kumbe anajiambia mwenyewe.

Leo mama kakataa uji tena. "Nipelekeni jikoni." Dada zake wakaja juu: atachoka! Fundi hakubishana. Alikwenda gereji, akarudi na kiti alichokifunga magurudumu na kukitia grisi mpaka basi. Kikamponyoka kikiwa kitupu, kikagonga kabati. Mama akacheka kicheko ambacho nyumba ilishakisahau. Akasukumwa hadi kwenye sufuria, akaonja mchuzi, akakunja uso. "Nyie mnataka nife kwa saratani au kwa mchuzi huu? Chumvi iko wapi?" Akatia mwenyewe. Akala, akaomba tena. Fundi akataka kumpangusa mdomo, akaona vidole vyake vimejaa grisi, akageuka mbio akanawe. Mama akaidaka ile mikono.

"Unakwenda wapi, wewe? Nisukume! Leo naizunguka nyumba yangu yote."