Injini Mpya, Mguu Mzee

Siku injini mpya ilipoingia kwenye gari langu, mguu wangu wa kulia ulizeeka miaka ishirini. Hivyo ndivyo alivyoniambia fundi, na wote wanaonitakia heri wakakubaliana naye.

Gari lenyewe ni la siku nyingi, na injini yake ya zamani ilikuwa ikinywa oili kama mtu aliyefunga anavyokunywa maji magharibi. Nikanunua injini iliyotumika Japani, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Dagoretti, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Asubuhi aliyoing'oa ile ya zamani, nilikaa juu ya tairi nikimtazama. Akanunua mahindi mawili ya kuchoma, moja akanipa.

"Karibu mahindi, Sheikh. Hii kazi si ya kukimbizana."

Nikala, nikamshukuru Mungu kwa riziki na kwa fundi mkarimu. Gunzi langu nikaliweka kwenye trei yake ya spana, kwa kuwa hapakuwa na pipa. La kwake alilirusha mtaroni.

Siku ya tatu gari likawa tayari. Injini ilinguruma vizuri ajabu. Breki tu ndiyo iliyokuwa ngumu, kama kukanyaga kizingiti cha nyumba.

"Fundi, mbona breki ngumu hivi?"

"Breki iko sawa, Sheikh. Hii injini iko na nguvu, inataka mtu wa nguvu. Ni mguu imechoka. Usijali, ni miaka tu."

Alilisema hilo mkono ukiwa kifuani, kwa adabu kamili. Katika mji huu mzee hadharauliwi hivi hivi, kwanza huheshimiwa.

Mimi nimesomesha watoto dini mjini kwa muda mrefu, na somo ninalolipenda ni subira. Basi nikasubiri. Wiki tatu nilikanyaga breki ile kwa mguu mzima na nusu ya mgongo. Kila alfajiri, baada ya sala, nilishika ukuta wa sebule yetu ya Woodley nikainua kisigino mara thelathini. Msikitini niliwaeleza wazee wenzangu, na kila mmoja akanipa dawa. Mmoja alitaja mafuta ya habasoda, mwingine supu ya kongoro. Wa tatu akanishauri nishukuru kwamba kwangu ni mguu, maana kwake ni nyonga. Nikashukuru. Hakuna aliyeuliza habari za gari, na mimi nikiwa wa kwanza kutouliza.

Kisha tukakutana na mbuzi. Nilikuwa na binti yangu mbele na mke wangu nyuma, tukitoka sokoni Dagoretti, kundi likakatiza barabara. Nilikanyaga, nikasukuma kwa miguu yote miwili, nikasimama vidole vinne kutoka kwenye mkia wa mbuzi wa mwisho.

"Mzee!" mwenye mbuzi akapiga kelele. "Si ungoje tufike machinjioni!"

"Na bismillahi hukusoma," mke wangu akasema kutoka nyuma.

Binti yangu hakucheka. Yeye anaishi Kileleshwa, katika gorofa yenye lifti, na anaamini kwamba jambo likishapangiwa siku limekwisha. Akanyoosha mkono palepale.

"Baba, nipe ufunguo. Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa mifupa. Gari tutauza."

Akampigia fundi simu. Fundi tayari alikuwa na mnunuzi: shemeji yake, kijana wa miguu imara.

Nikampa binti yangu ufunguo. "Usiwe na wasiwasi," akasema, "sisi tutakuwa tunakupeleka madrasa." Hao "sisi" nawajua. Ni watu wanaokwambia wamefika getini na bado wako bafuni. Nikawaona wanafunzi wangu wakipigana kwa mikoba, na mimi nimekaa mlangoni na kofia kichwani, nikingojea huruma za watoto niliowafundisha kutembea.

Nyumbani mke wangu alikaa kumenya mbaazi. Katikati ya kumenya akaniuliza:

"Miguu yako ni ile ile niliyoolewa nayo?"

"Ile ile."

"Na injini?"

"Mpya."

"Basi daktari anaanzia wapi, kwenye kilichobadilishwa au kisichobadilishwa?"

Miaka yote hiyo ya kusoma, na swali hilo halikunijia.

Kesho yake tukamwomba binti yetu atupeleke kwa fundi na gari lile lile. Kwenye mzunguko wa kwanza niliona amekanyaga breki kwa miguu miwili, meno ameyauma.

"Na wewe umezeeka, mwanangu?" nikamwuliza. Habari ya daktari hakuitaja tena.

Nyuma ya injini kuna chombo cha duara kama sufuria iliyofunikwa, mafundi hukiita busta. Ndicho kinachousaidia mguu kusukuma breki, na nguvu zake hutoka kwenye paipu moja ya mpira, ambayo injini huitumia kufyonza hewa iliyomo. Injini na breki zinakutana kwenye paipu hiyo tu, basi nikamwomba fundi aifungue. Alilalamika, akaifungua, akaitia mdomoni akapuliza. Mashavu yalijaa, hewa haikupita. Akachokoa kwa waya. Kikaanguka kipande cha gunzi, kimechongwa kwa kisu kikalingana na tundu.

Tukakitazama sote.

"Hii ilikuwa ya kuzuia vumbi, wakati injini iko nje," fundi akasema. "Na si imezuia? Kuna vumbi iliingia?"

"Hata hewa haikuingia," mke wangu akasema.

Mimi nilinyamaza, wakadhani ni subira. Siku ile kulikuwa na magunzi mawili tu, na la fundi nililiona kwa macho yangu likienda mtaroni. Lililobaki kwenye trei lilikuwa langu, nililoliguguna hadi likawa safi na kulishukuria. Hilo sikuwaambia siku hiyo wala baadaye.

Binti yangu akanirudishia ufunguo bila hotuba. Fundi akaifunga paipu, akapanda mbele karibu nami ili tujaribu gari, mke wangu nyuma na mfuko wake wa mbaazi. Mkanda hakufunga, kwa sababu yeye ni fundi. Tulipofika kwenye tuta nikakanyaga breki kama nilivyozoea, kwa nguvu za wiki tatu za kuinua kisigino. Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Mbaazi zikamwagika, na paji la fundi likagonga kioo.

"Sheikh! Pole pole na hiyo mguu!"

"Usijali," nikamwambia. "Ni miaka tu."