Bei Moja ya Macho

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa kuvutana bei hana mpinzani. Wauza vitambaa wakimwona kwa mbali hujifanya wanaongea na simu.

Alipopata mtoto wa jicho, macho yote mawili, nikawa mimi wa kumtungia uzi. Iliniuma sana, maana fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi kwa jina tu. Hospitali ya serikali mashine ya upasuaji ilikuwa mbovu, zikabaki kliniki tatu za binafsi.

Kliniki ya kwanza walipotaja bei, shangazi alicheka. "Mwanangu, hiyo ni ya jicho au ya kichwa kizima?" Dada wa mapokezi hakucheka. Ya pili, bei ileile. Ya tatu, ileile, mpaka senti ya mwisho.

"Hata wauza nyanya hawapatani hivi," alifoka tulipotoka. "Hawa wamekaa kikao!"

Sasa, madaktari watatu wenye kliniki hizo walikuwa wateja wake wa makoti meupe. Shangazi akawaita mafundi wenzake wawili, wakacheka weee, kisha wote watatu wakatangaza bei moja ya koti: mara tatu ya ile ya zamani.

Madaktari wakaruka kama waliokanyaga moto. Wakapeleka malalamiko kwenye ofisi ya ushindani wa biashara, tena yamejaa vifungu vya sheria. Afisa mmoja mpole akaja dukani.

"Mama, wafanyabiashara kupatana bei ni kosa."

"Tulikuwa tunatania, baba, hakuna aliyelipa. Lakini hebu niambie, sheria hiyo inawagusa na wapasua macho?"

"Inamgusa kila anayeuza huduma, hata tiba."

"Basi vuta kiti. Wenzetu hao wanaijua kuliko mimi, na bei yao ya jicho ni moja mji mzima."

Afisa akavuta kiti. Mchimba kisima huingia mwenyewe: madaktari wangesemaje hawakujua ni kosa, na wao ndio walioliripoti? Wakapigwa faini, kikao chao kikavunjika, na kila kliniki ikaanza kushusha bei ili kumpokonya jirani wagonjwa. Shangazi akachagua iliyoshuka zaidi. Mimi nilifurahi hadi nikaona aibu.

Siku ya kufunguliwa bandeji, daktari alisimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Unaona vidole vingapi?"

"Vitatu," akasema shangazi. "Na naona umeninunia."