Kuwatafuta Wasiojiweza Juu ya Kinole

Kila nikija Tabora ndugu zangu huniuliza nilikuwa nikifanya nini hasa serikalini miaka yote ile. Nikisema nilikuwa afisa mipango mkoani Morogoro, wanaitikia "aha" na kubadilisha mazungumzo. Siwalaumu. Mipango haina harufu wala ladha ukiieleza kwa maneno. Basi leo nawasimulia safari moja tu, ya miaka ile ya ruksa, nilipokuwa binti mwenye miguu mizuri na hasira za karibu.

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Foleni za sukari na sabuni zilikuwa zimekwisha, maduka yamejaa, mitumba imetandazwa mpaka barabarani. Lakini hospitali, ambayo tuliizoea ya bure, ilianza kutaka mtu achangie. Wakubwa waliokaa huko juu wakaona kwamba mwenye nacho atalipa, na asiye nacho atakufa nyumbani. Wakaamua sehemu ya fungu la afya itengwe kwa ajili ya wasiojiweza, nao wapewe kadi za msamaha. Uamuzi mzuri, na mpaka leo nausifu. Ila serikali ikitenga fedha kwa ajili ya haki, inataka kujua kama haki imefika, na kwa hiyo inatafuta kitu cha kuhesabu. Wakachagua kuhesabu kadi. Kila kijiji kaya kumi. Kijiji kisichofikisha kumi, fungu lake linarudi lilikotoka.

"Kwa nini kumi, mzee?" nilimwuliza mkuu wangu wa kazi.

"Kwa sababu kumi ni rahisi kuzidisha," alinijibu, wala hakuwa anatania.

Kijiji kimoja cha juu ya Kinole kilikuwa kimeleta jibu la ajabu: hakuna hata kaya moja. Mkuu akaniambia niende mwenyewe, nirudi na kumi au nirudi na sababu.

Asubuhi ya kuondoka, Morogoro Mjini ilikuwa imejifunika ukungu mpaka usawa wa mapaa, kama ilivyo kawaida yake baada ya mvua. Ninaukumbuka mji ule kwa upendo ambao sijaupa mji mwingine. Ukitoka nje ya mlango unauona mlima umesimama palepale, na usipouona unajua upo. Gari la ofisi halikuwa na mafuta, na hiyo nayo ilikuwa kawaida yake, kwa hiyo nikapanda lori lililokuwa likifuata ndizi. Dereva aliniweka mbele kwa heshima ya serikali.

Tulipita Bigwa, tukapita Kiroka, na mbele huko tukaiacha barabara ya Matombo na kushika njia ya Kinole. Hapo ndipo mimi mtoto wa tambarare nilipoanza kushika dirisha kwa mikono miwili. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine vilele vya migomba ambayo mashina yake yako chini sana. Ukifungua pua unapata mdalasini, machungwa na majani mabichi, vyote pamoja. Bado nikinusa mdalasini sokoni moyo wangu unarudi kwenye lile lori.

Kinole lori likasimama. Kutoka pale ni kwa miguu. Nilitembea nyuma ya akina mama walioteremsha ndizi na sasa walikuwa wakirudi makwao, nao walipanda huku wakizungumza Kiluguru na kucheka, mimi nikitafuta pumzi. Sikuelewa walichosema, lakini nilijua ninachekwa.

Alasiri nikafika kijijini. Mwenyekiti, Mzee Salehe, alinipokea mbele ya ghala la chama cha ushirika. Ghala lilikuwa limefungwa kwa kufuli lenye kutu, maana chama kilikuwa hakinunui tena, na wachuuzi kutoka mjini walikuwa wakija na bei zao mfukoni. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa koti lililowahi kuwa jeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtu wa wapi wewe?"

"Tabora. Mnyamwezi."

Uso wake ukafunguka. "Mnyamwezi! Mtani wangu! Sasa mbona umekuja mikono mitupu? Mzigo umeutua wapi? Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu vichwani."

Ninyi mnajua, sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara. Nami sikumkawiza. "Mzigo nimeuacha chini, niliogopa kuuweka hapa. Nyie mnaolima ukutani, hata mbegu si mnazifunga kamba zisidondoke?"

Mzee na waliokuwa pale wakacheka wote, na kuanzia hapo jina langu likawa Mtani.

Jioni nikapelekwa kulala kwa dada wa Mzee Salehe, Bi. Mwanaidi, mjane aliyekuwa akiishi peke yake nyumba ya jirani. Alinipikia ndizi kwa nazi, tamu mpaka nikaona aibu kuomba tena, naye akaniongezea bila kuombwa. Alipoinuka kuchukua maji ndipo nilipoona anavuta mguu. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, kimefungwa kwa kipande cha kanga na majani. Aliniambia kilianza kwa kukwaruzwa na jembe. Zamani angeshuka zahanati kila siku kusafishwa, lakini tangu kuchangia kuanze aliona bora akae.

Nilifurahi, na furaha ile naikumbuka kwa haya kidogo. Nilikuwa nimepata mtu wangu wa kwanza. "Mama, kesho nitakuandika upate kadi. Utatibiwa bure."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesema jambo baya bila kujua. "Ukiniandika mimi umemwandika kaka yangu. Huku kwetu mtu ana ukoo wa mama, na ana kaka, na watoto wana mjomba. Asiyejiweza ni yule ambaye watu wake wamemtupa. Sasa Salehe amenitupa?"

"Lakini hana kitu, mama. Ndizi zenyewe hazina bei."

"Hana. Ila hajanitupa."

Asubuhi watu walijaa mbele ya ghala. Nikawasomea mwongozo wa serikali kama ulivyoandikwa: wananchi wataje hadharani kaya zisizojiweza miongoni mwao. Kimya. Nikasoma tena, polepole. Kimya kilekile. Akina mama wakatazama vidole vya miguu yao.

Mzee Salehe akasimama. "Mwanangu, jibu ni lile tuliloleta. Hapa kila mtu ana ukoo wake. Kwangu hakuna asiyejiweza. Mimi nipo."

Bi. Mwanaidi alikuwa ameketi ukingoni, mguu ameuficha chini ya kanga. Nilijua nikishuka mlima ule bila majina, fungu linarudi, na ule mguu hautasubiri mwaka mwingine. Hasira zikanipanda. Nikasahau serikali, nikasahau mwongozo.

"Wewe upo?" nikamwambia. "Upo wapi, mtani? Koti lenyewe limebaki vifungo tu! Ukisimama juani kivuli chako kina matundu! Mluguru gani huyu, amekaa juu ya mlima wa iliki na hana hata ya kutia kwenye chai yake, chai yenyewe hana!"

Nilikuwa nimemtukana mwenyekiti, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya kijiji chake. Akanitazama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa ghala, na kijiji kizima kikacheka pamoja naye, kwa sababu mtani hatukani, mtani anatania, na tusi la mtani halimwangukii mtu wala ukoo wake.

Kisha mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mtani, na yule mpasua mbao pale mbona humwoni? Au unamwogopa?"

Nikageuka. Alikuwa babu aliyepinda mgongo. "Huyu? Huyu mbao zimempasua yeye!" Kicheko. Mwenyewe akapiga makofi. "Na kule kwa mama mapacha, Mtani, umefika?" Sikuwa nimefika, lakini waliniambia paa lake likoje nami nikalitukana lile paa. Kila aliyetajwa alicheka, akajibu tusi kwa tusi, nami nikaandika. Wenyewe walikuwa wakinielekeza, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kumsema mwenzake vibaya. Mimi nilikuwa mdomo tu.

Tulipofika tisa pakatulia. Nilikuwa nimemaliza wale nilioonyeshwa, na yule mmoja sikuthubutu kumgusa.

Mzee Salehe akajikohoza. "Mtani, wewe ni mvivu. Dada yangu aliyekulaza na kukulisha, mbona hujamtukana?"

Sijui kama nimewahi kusikia mtu akiomba jambo zito kwa maneno mepesi namna ile. Nilimgeukia Bi. Mwanaidi. "Huyu ndiye mwongo kuliko wote," nikasema. "Amenipa ndizi zake zote nimwone tajiri. Kumbe mguu mmoja ndio wake, wa pili ameshawapangisha nzi!"

Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Mnyamwezi huyu hana haya!" akasema ndani ya kanga. Kaka yake alicheka kuliko watu wote, kisha akapangusa macho kwa mkono wa koti. "Andika, Mtani," akaniambia. "Andika, usije ukasahau ulichosema."

Kushuka nilishuka na mkungu wa ndizi, kuku na machungwa kuliko nilivyoweza kubeba, na watu wakifurahi kwamba hatimaye Mnyamwezi ana mzigo.

Mjini mkuu wangu alitazama majina kumi akaridhika. Kulikuwa na mahali pa kujaza njia iliyotumika kuwatambua. Nilipomweleza, alicheka, akaniagiza niandike "mkutano wa hadhara", maana wafadhili waliochangia fungu lile wasingeuelewa utani. Kijiji kikahesabiwa kimefikia lengo. Kadi zikapanda mlimani, za mwaka mmoja.

Mwaka uliofuata alikwenda mwenzangu, kijana mpole kutoka Kilimanjaro, msomi kuliko mimi. Akarudi bila jina hata moja. Katika taarifa ya mkoa ikasemwa kwamba kijiji kile kimepiga hatua, hakina tena wasiojiweza. Niliisoma nikiwa ofisini, na nakiri niliamini nusu. Nilitaka kuamini.

Nilichojifunza katika safari ile nilikielewa muda si mrefu baadaye, sokoni Morogoro, si ofisini. Nilikuwa nachagua nyanya nikasikia, "Mnyamwezi, mzigo uko wapi?" Alikuwa Bi. Mwanaidi, ameketi nyuma ya ndizi zake. Tukashikana mikono kwa muda mrefu. Nikamwuliza mguu.

"Ule ulipona, mwaka wa kadi yako." Akasogeza kanga kidogo. "Sasa ni huu mwingine."

Nikakiona kidonda. "Mama, kwa nini hukusema alipokuja mwenzangu?"

"Yule kijana?" Akatikisa kichwa, bila chuki yoyote. "Mtoto mzuri yule, ila si mtani wetu. Alimwamkia kila mzee kwa magoti, alituuliza kwa adabu, akatushukuru kwa adabu. Nani angeanza? Alituheshimu sana, Mtani. Alituheshimu mpaka tukakosa."

Nilirudi ofisini na nyanya zangu mkononi. Mkuu wa kazi alikubali kupokea majina kama nyongeza, mradi nitumie siku zangu za likizo. Tabora mwaka ule hamkuniona, mkanilaumu kwa barua. Nilikuwa nimepanda lori la Kinole, kwenda kuwatukana watu.